Zamu ya Dirishani

Nilipokwenda kuchukua ufunguo kwa mama mwenye nyumba ya wageni, jua lilikuwa linazama na mimi nilikuwa na haraka zangu. Safari yenyewe ilikuwa ya chapuchapu, kwenda Jumamosi mchana, kurudi Jumapili asubuhi. Tulikuwa mashoga wanne: Nesi, Dereva, mimi fundi cherehani, na Kipande, binti wa mama yangu mdogo, tuliyemwita hivyo kwa ufupi wake. Wakati tunaondoka, mama mdogo alinishika mkono. "Sina mwingine zaidi ya huyu. Mrudishe."

"Mko wangapi?" mama mwenye nyumba akauliza, akinisogezea daftari la wageni.

"Watatu."

Ulikuwa mchezo wetu tangu bweni. Kila safari tunaandikisha watatu ili tulipie watatu, wa nne anagonga dirisha la jikoni mara tatu, tunamvuta ndani. Tunakwenda kwa zamu. Safari hii zamu ilikuwa yangu, lakini nilisingizia goti nikamtwika Kipande. Yule hajui kukataa.

Mama mwenye nyumba hakuondoa kiganja chake juu ya daftari. "Waandike wote, mwanangu. Nyumba hii inamtambua aliyeandikwa tu."

"Ndio hao, mama." Nikaandika majina matatu bila kupepesa macho.

Ngo, ngo, ngo.

Dereva akafungua dirisha. Kipande akaangukia ndani, gauni limemchanika begani. "Fundi, hili utanishonea bure!" Tulicheka mpaka machozi yakatutoka. Kisha ikaja harufu... udongo mbichi, kama wa shimo lililochimbwa sasa hivi. Nikafunga dirisha. Harufu haikuondoka.

Tulipoketi kula, Nesi alipakua sahani tatu.

"Na mimi je?" Kipande akauliza.

Nesi akaendelea kutafuna. Dereva akanyoosha miguu yake juu ya kiti cha nne, mapajani mwa Kipande, kama kiti kitupu.

"Haya jamani, mmenipata." Kipande akamtikisa Nesi bega. Nesi akajikuna tu pale aliposhikwa. Nilidhani wamepanga kumtania, nami nikacheka. Nilicheka kwa nguvu, na hilo sijisamehe.

"Unacheka nini peke yako?" Nesi akaniuliza.

"Si huyu Kipande..."

"Kipande ndiye nani?"

Nilimtazama usoni. Nesi hawezi utani wa muda mrefu, huwa anacheka kabla hajaumaliza. Safari hii hakucheka.

Nikatoka mbio hadi chumba cha uani. Mama mwenye nyumba alikuwa ameketi, daftari wazi mapajani.

"Naomba nimwongeze mwenzetu. Tafadhali, mama."

"Ulisema watatu, nyumba imepokea watatu. Ukitaka jina lake liingie, futa moja." Akaninyooshea kalamu. "Lako au la mwenzako, shauri yako."

Kipande alikuwa amenifuata. Alilia bila kelele, ameshika upindo wa gauni langu. Vidole vyake nilivihisi... kidogo tu.

"Dada," akanong'ona. "Ilikuwa zamu yako."

Kweli ilikuwa yangu. Niliweka ncha ya kalamu juu ya jina langu. Nikamfikiria mama mdogo. Nikawafikiria na wanangu wawili, nimesimama mbele yao na hakuna anayeinua macho.

Nikairudisha kalamu.

"Dada?"

Nikajifanya sisikii.

Aliniita mpaka alfajiri. Mwanzoni kwa jina langu, mwishoni bila maneno. Asubuhi Dereva akaokota viatu vidogo mlangoni. "Vya nani hivi?"

"Sijui," nikasema. Akavitupa kichakani, tukapanda gari.

Wakati narudisha ufunguo nilimuuliza yule mama kwa nini mimi sikumsahau. "Aliyeandika huwa anakumbuka," akanijibu, akafunga mlango.

Nilipofika kwangu nilichana ukurasa wa vipimo vya Kipande kwenye daftari langu la kazi. Nilifikiri yangeishia hapo.

Jana jioni mama mdogo alikuja kibandani kwangu na kitambaa cha maua. "Nishonee gauni, mwanangu. Kiuno ishirini na sita, mabega kumi na tatu, urefu mfupi."

"La nani, mama mdogo?"

"Sijui. Nimeamka na vipimo kichwani." Akanishika mkono. "Niambie kweli. Mimi niliwahi kuzaa?"

Nilipokea kitambaa, nikakikunja vizuri.

"Hukujaliwa, mama mdogo."

Ngo, ngo, ngo. Dirishani, nyuma yangu.

Mama mdogo akainua kichwa. "Kuna mtu anagonga. Mbona humfungulii?"

"Sisikii kitu," nikasema, nikaanza kukanyaga cherehani.