Mtumbwi Haupo Bandani

Asubuhi ya Alhamisi banda la mtumbwi lilikutwa wazi na tupu. Kufuli lilining'inia kwenye pete yake, zima, bila hata mkwaruzo. Ndani palibaki harufu ya mti mkavu, na ukutani, juu ya misumari miwili, kasia la Baba lilikuwa mahali pake.

Ilikuwa likizo ya kwanza kuja ziwani bila Baba. Mama na watoto wake wawili walikuwa wameanza kuzoea kutokuwepo kwake, au ndivyo kila mmoja alivyojitahidi kumwonyesha mwenzake. Banda lile tupu liliurudisha msiba upya. Mtumbwi ule aliuchonga babu yao kwa gogo moja, Baba akaurithi, na miaka yote ya utoto wao ulikuwa kitu cha kwanza walichokikimbilia gari lilipozima injini.

"Ni mlinzi," alisema kaka mtu, muuza bima ambaye wote walimwita Bosi kwa sababu alianza kuamrisha watu kabla hajajua kufunga kamba za viatu. "Kufuli halikuvunjwa. Funguo anazo nani? Mwenye hoteli anakuja saa sita kuuchukua mtumbwi wake. Nimwambie nini?"

"Bado ni wetu," alisema dada yake.

"Tulikubaliana kuuza, dada. Mimi na wewe, kwenye simu."

Hilo lilikuwa kweli. Dada alikuwa mpelelezi wa polisi, na nyumbani walimwita Afande, kwa utani mwanzoni, kisha kwa mazoea. Siku Bosi alipopiga simu, Afande alikuwa na kazi nyingi, akasema sawa bila kufikiri.

"Nampeleka kituoni sasa hivi," Bosi alisema.

"Nipe mpaka saa sita. Na usimguse mzee wa watu."

Afande alichuchumaa mlangoni. Alama ya mtumbwi ilishuka moja kwa moja kwenye majani ya mteremko mpaka majini, na pale ukingoni yalilala magogo ya kuviringishia, yamepangwa vizuri, moja kando ya jingine. Alirudi akalitazama kasia. Mtu anayeiba mtumbwi halafu anaacha kasia, anakwenda nao vipi?

Mlinzi, Mzee Funguo, alikuwa chumbani kwake karibu na geti, amekaa ukingoni mwa kitanda, redio ameizima. Funguo zilikuwa shingoni kwenye uzi, kama kawaida yake.

"Mzee wangu, banda lina funguo ngapi?"

"Mbili, mwanangu. Huu hapa, na ule wa jikoni, kwenye msumari karibu na kopo la chumvi."

"Ulisikia lolote?"

"Kulipoanza kupambazuka nilisikia kitu kikiviringika taratibu. Nikajua ni Bosi na mtumbwi wake. Nikalala zangu."

"Ulipotoka, uliona kitu majini?"

"Maji tu. Unajua mimi nimekuja baba yenu alipoanza kuugua. Mtumbwi ule sijawahi kuuona ukielea. Kazi yangu ilikuwa kuupangusa vumbi, kama kabati." Alitaka kucheka, akashindwa. "Afande, nikipelekwa kituoni, hata wakiniachia kesho, nani atanipa mlango wake nilinde tena?"

Afande aliinuka. Alitoka, akampigia simu mwenye hoteli ya ng'ambo.

"Niibe kitu ninachokuja kuchukua saa sita?" mwenye hoteli alishangaa. "Na niibe kwa chombo gani? Injini ya boti yangu iko kwa fundi, vipande vipande. Nakuja na pikapu. Nimeshaandaa na msumeno."

"Msumeno wa nini?"

"Si tunaukata katikati, tunaujaza udongo, tunapanda maua getini? Kaka yako hakukwambia?"

Hakumwambia. Afande aliitia simu mfukoni. Kisha akamwendea Bosi, aliyekuwa akizunguka gari lake bila sababu.

"Ulijua wataukata?"

"Nilijua."

"Na wewe ndiye uliyeuficha? Umebadili mawazo, unaona aibu kusema?"

"Ningekuwa na akili hiyo, dada, nisingeuuza." Alipiga teke gurudumu. "Kila nikifungua lile banda naona pale nyuma ya mtumbwi Baba alipokuwa akikaa. Nilitaka tu mtumbwi usiwepo. Sasa haupo, na sijisikii nafuu yoyote."

Kwa kazi yake Afande alikuwa amesikia uongo wa kila aina, na huo haukuwa mmojawapo.

Jikoni, Mama alikuwa akimenya viazi. Alivaa sweta la Baba, mikono imekunjwa mara mbili, na miguuni ndala. Viatu vyake vilikuwa nyuma ya jiko, vimejazwa magazeti.

"Umekunywa chai?" Mama aliuliza.

"Bado. Mama, umesikia ya mtumbwi?"

"Nimesikia Bosi anapiga kelele. Hizo hata ng'ambo wamezisikia." Akakohoa, akachukua kiazi kingine.

Ufunguo wa banda ulikuwa kwenye msumari wake. Mlangoni palikuwa na beseni la kufulia limefunikwa juu chini. Afande aliligeuza: ndani kulikuwa na mchanga ulionata, na rangi ya beseni ilikuwa imechubuka upya. Alitoka nje. Bustani ndogo ya maua ilikuwa imezungushiwa mawe tangu wakiwa wadogo. Upande mmoja mawe hayakuwepo. Yalibaki mashimo tu, udongo wake bado mbichi.

Aliteremka ziwani, akakaa. Milima ilikuwa imesimama kichwa chini ndani ya maji, kama zamani. Mkono wa kushoto lilikuwepo jiwe kubwa ambalo Baba aliwakataza kuogelea nyuma yake. Huko kuna mawe, mtaumia, alisema. Utoto mzima hakuna aliyejiuliza: ziwa lote chini ni mchanga, mawe ya pale yalitoka wapi?

Ndipo akaikumbuka suruali.

Kila mwisho wa likizo watoto walipakiwa garini kwanza. Baba alibaki kufunga nyumba, na Mama, kila mwaka, alisema amesahau kitu, akarudi. Watoto wakangoja, wakapigana viwiko, wakaimba. Wazazi waliporudi suruali ya Baba ilikuwa imelowa mpaka kiunoni. "Nimeliaga ziwa," alisema, nao wakacheka, na harufu ya maji ya ziwa ikawasindikiza mpaka nyumbani. Na mwanzo wa kila likizo Baba alitangulia siku moja. Walipofika, mtumbwi ulikuwa bandani ukiwangoja, mweusi na mzito. Hawakuwahi kuukuta umekauka.

Saa sita kasorobo aliwaita wote ziwani. Bosi alikuja amekunja mikono, Mzee Funguo akasimama mbali, Mama akaja na kisu cha viazi. Afande alilibeba kasia, akapanda jiwe kubwa, akalizamisha upande wa nyuma.

Chini ya maji mti uligonga mti.

Afande alilisogeza kasia. Aligonga tena.

"Mmemaliza?" Mama aliuliza. "Maana viazi viko motoni."

"Mama," Bosi alisema. "Ni wewe?"

"Nani mwingine? Nimeuviringisha, nikatembea nao majini. Baba yenu aliuzamisha hapo kila mwaka, na mimi nikimpa mawe ya kuushikilia chini. Hatukuwaambia kwa sababu mngeupigia mbizi, mmoja wenu asirudi. Mwaka alioumwa ulibaki bandani. Juzi nimepitisha kidole, nyufa zimeanza. Mti ukikauka hivyo unapasuka. Inabidi ulale majini mpaka nyufa zijifunge."

"Kwa nini hukusema?"

"Mlikubaliana kwenye simu. Mimi hamkuniuliza. Nikajua yule wa hoteli akiondoka mikono mitupu, nitasema."

"Na mawe ya bustani?" Afande aliuliza.

"Ya baba yenu yako huko chini. Umri wangu huu nipige mbizi?"

"Mama, Mzee Funguo angelala ndani leo."

Mama alishusha kisu. Hilo hakuwa amelifikiria, na ilionekana usoni. Alimgeukia mlinzi. "Nisamehe, baba. Sikujua watakushika wewe."

"Yamekwisha, mama," alisema Mzee Funguo. "Ila siku nyingine niamshe. Kubeba mawe ni kazi yangu."

Bosi alikuwa amechuchumaa juu ya jiwe, mkono majini mpaka kwenye kiwiko, akitafuta ubavu wa mtumbwi. Alipoupata hakuutoa mkono. Pikapu ilisikika ikipiga honi getini. Alisimama, mkono ukidondosha maji, akapanda mteremko kwenda kumwambia mwenye hoteli, yeye mwenyewe, kuwa mtumbwi hauuzwi tena.

Mtumbwi uko chini ya maji nyuma ya jiwe kubwa. Likizo ijayo Bosi atatangulia siku moja.