Daftari la Maneno Arobaini

Adhuhuri ile duka la fotokopi lilifurika watu. Fundi simu, shati limepigwa pasi na marashi yanatangulia, akaipita foleni nzima kana kwamba wenzake ni viti.

"Kaka, foleni huioni?" aliuliza karani wa hospitali, dada wa gauni la njano, midomo imeshabinuka.

"Nakala moja tu, dada. Usinichunge."

Dada akainamia karatasi yake ya maneno ya Kiingereza. "Obstinate."

"Ndiyo nini hiyo?"

"Mkaidi. Kila siku nalisahau. Leo limenasa."

Basi mapenzi yao yakaanza hivyo, kwa ubaya. Mwalimu wa jioni alimfundisha dada kulifunga kila neno gumu kwa mtu anayemjua. Akifaulu mtihani wa Kiingereza, anapanda cheo. Akifeli, anabaki dirishani kuita wagonjwa.

Miezi mitatu baadaye, Jumatano ya wiki ya mtihani, dada alisahau daftari lake la maneno kibandani kwa fundi. Fundi akalifungua. Mchoyo, mropokaji, pompous yaani mwenye majivuno: maneno arobaini, yote yamefungwa kwake. Akapiga simu.

"Mimi ndiye pompous?"

"Mpenzi, hayo ni masomo tu."

"Masomo ya kunitukana kurasa kumi? Tafuta mjinga mwingine wa kujifunzia." Akakata.

Dada alipiga mara saba, hakupokelewa. Naye akapandwa na hasira, maneno yote akamhamishia mama mwenye nyumba wake. Hakuna lililokaa. Jumamosi, ndani ya mtihani, kila swali alilosoma, fundi alimtokea akilini amenuna. Akajibu yote.

Alipotoka tu, akaenda moja kwa moja kibandani. Fundi hakuinua kichwa.

"Nimejibu maswali yote. Kwa sura yako hiyo hiyo."

"Hongera. Unanizibia mwanga."

"Nipe daftari langu."

Akamsukumia. "Kurasa kumi umenichambua. Hata neno moja zuri hukuliona kwangu?"

"Daftari ni la maneno yanayonishinda," dada alisema, machozi ya hasira yakimlenga. "Mazuri yako nayajua bila kuyaandika. Nakupenda, mkaidi we."

Fundi akaiweka bisibisi chini. Kisha akavuta kigoda kwa mguu.

"Kaa. Na usiguse vioo vyangu."