Fomu Yenye Jina la Mama

Fundi cherehani alirudi kwenye kibanda cha kusajili laini za simu siku tatu baada ya kusajiliwa. Kilichokuwa tofauti ni kwamba hakupepesa macho, basi, hilo tu. Msajili, ambaye mtaa mzima ulimwita Dada Laini, alimchangamkia.

"Karibu fundi! Za tangu juzi?"

"Tarehe nne, mwezi wa saba," akajibu fundi, akataja na mwaka aliozaliwa.

Dada Laini akacheka, akidhani ni utani. Fundi akataja jina lake kamili, jina la mama yake, namba ya kitambulisho, kisha akaondoka. Ilibaki harufu ya nywele zilizoungua, mchana kweupe, na moto hakuna.

Kesho yake mume wa fundi alikuja anahema.

"Dada, mke wangu hajijui. Nikimwita jina anatazama ukuta."

"Mbona jana alikuwa hapa?"

"Jana? Jana hakuinuka kitandani!"

Sasa niwaambie kosa la Dada Laini, maana alikosa, tusimtetee. Kampuni ilikataza kuweka taarifa za wateja kwenye simu binafsi. Lakini mtandao ulikuwa wa kukatikakatika na foleni ya watu wakali kama pilipili, kwa hiyo alipiga picha za vitambulisho, nyuso na alama za vidole kwa simu yake, akaandika humo na majina ya mama zao, ili azitume baadaye. Alizituma. Kufuta, kila siku kesho. Watu elfu mbili walilala ndani ya simu hiyo, kwenye droo yake, na wa kwanza kabisa alikuwa mama yake mzazi, aliyemsajili kwa mazoezi siku anajifunza kazi.

Siku ileile aliyokuja mume wa fundi, walikuja wawili: mwalimu mstaafu na nesi. Kila mmoja alikuwa na doa jeupe la mwanga wa kamera kwenye jicho, ingawa walisimama kivulini. Dada Laini alifungua simu. Fundi alikuwa wa mwisho kwenye orodha, maana tangu siku yake mtandao haukukatika, juu yake nesi, juu yake mwalimu. Kitu kilichokuwa kinawachukua kilikuwa kinapanda orodha, kuelekea wa kwanza. Siku iliyofuata wakaja wanne, kisha wanane, wamejipanga foleni bila kusukumana, bila jasho, wakinong'ona tarehe zao na majina ya mama zao kwa sauti moja kavu, huku harufu ya nywele zilizoungua ikijaa kibandani, na yeye akihesabu moyoni ni siku ngapi zimebaki kabla hakijamfikia mama.

Alikimbilia kwa mganga.

"Mimi nikitaka kumtibu mtu nauliza jina lake na la mama yake," mganga alisema kwa sauti ya chini. "Anayetaka kumdhuru anauliza hayohayo. Wewe umekusanya ya watu wangapi, mwanangu?"

"Elfu mbili."

"Ah! Umempikia jini, ukampakulia kabisa."

Mganga aliifunga simu kwa kitambaa, akaisomea, akaizamisha kwenye ndoo ya maji ya chumvi. Maji yalitoa mnong'ono wa watu wengi, kisha yakatulia. Jioni ileile fundi aliitika jina lake. Dada Laini alilia kwa furaha, alilia kama mtoto.

Wiki moja baadaye msimamizi wake alipita kukagua. Kwa kuwa dhamiri ilimsuta, Dada Laini akaungama yote.

"Simu imekufa? Usijali," msimamizi akacheka. "Taarifa zote tunazo makao makuu. Sisi hatufuti kitu, dada. Leo asubuhi tumezihamishia kwenye mashine mpya, zimepangwa kuanzia ya kwanza."

"Bosi, hizo zifutwe! Tafadhali!"

"Nani azifute? Hata mimi sina ruhusa."

Dada Laini aliacha kibanda wazi akakimbia nyumbani. Mama alikuwa ameketi mezani, amenyooka, mikono magotini, kama siku ile ya picha.

"Mama, umekula?"

Mama akataja tarehe yake ya kuzaliwa. Akataja jina la mama yake, na namba ya kitambulisho. Doa jeupe likang'aa jichoni. Kisha akafika kipengele cha mwisho cha fomu, mtu wa karibu, akatamka jina kamili la Dada Laini, taratibu, akitabasamu.

Na kutoka chumbani, kitandani, sauti iliyomlea ikauliza kwa woga:

"Jamani, kuna mtu? Mimi ni nani?"