Kimfuko Kilichobaki kwa Msumari

Sogeeni karibu, wazazi wenzangu, na nyinyi wasichana mnaopimiana vitenge kwa fundi msogee zaidi, maana hii inawahusu. Wekeni simu chini kidogo. Nitaenda polepole, na nikifika pale panapouma sitaparuka.

Kimbo, upande wa Ruiru, nyuma ya posho mill ya kusagia unga, kuna ploti ya vyumba kumi. Chumba cha tatu kilikuwa cha Dismas, mtu wa Bungoma, na Ngendo, binti wa Mzee Njau wa Thika. Mungu aliwapa mtoto mmoja, Nafuna, msichana wa miaka minane, mchangamfu, lakini kifua chake hakikuwa kizuri. Alikuwa na pumu. Jirani akiwasha jiko la makaa mlangoni, au baridi ya Julai ikiingia, kifua kilianza kulia kama paka aliyefungiwa kabatini.

Jioni zao zilikuwa tamu. Dismas akitoka kiwandani na kufika kwenye kona ya ploti, alitoa filimbi akaipuliza mara tatu. Pii, pii, pii. Akanyamaza, halafu tatu tena. Nafuna naye ndani alichukua kijiko akagonga chuma cha dirisha mara tatu, akanyamaza, tatu tena, kisha akatoka mbio kumlaki baba yake.

"Refa amefika!" majirani walipiga kelele. "Leo ni red card ama yellow?"

Dismas alicheka nao. Lakini alimwambia binti yake bila mzaha: "Ukigonga mara moja, watu watasema ni mchezo. Ukigonga tatu, unyamaze, ugonge tatu tena, mtu atajua kuna mwenye shida. Usisahau, mama."

Filimbi hiyo ilikaa kwenye kimfuko cheusi cha kiunoni ambacho Dismas hakukivua isipokuwa wakati wa kulala na kuoga. Ndani yake mlikuwa na tochi ndogo, bendeji, na karatasi iliyofungwa kwa nailoni yenye namba za simu za watu wanne na aina ya damu ya kila mmoja wao nyumbani. Mlikuwa na inhela, ile pampu ya dawa ya Nafuna, pamoja na kachupa ka maji kalikotobolewa kitako, ambako mtoto hukawekea mdomo ili dawa iingie vizuri kifuani. Kila Jumapili kabla ya kanisa, Dismas alimwaga vyote mezani, akaiwasha tochi, akaitikisa inhela, akavirudisha kimoja kimoja. Zamani, katika kiwanda kingine alikofanya kazi, stima ilizima na moshi ukajaa. Waliotoka siku hiyo walifuata tochi ya mama mmoja mfagiaji. Hakupenda kulizungumzia, ila tangu siku ile hakutembea mikono mitupu.

Ngendo hakukipenda kimfuko hicho. Alimpenda mume wake, lakini macho ya watu aliyaogopa.

"Wamama wa kanisa wananiuliza kama bwanangu ni makanga wa matatu," alimwambia siku moja.

"Waambie ndio. Nabeba watu wawili tu," Dismas akajibu.

Basi mambo yakaenda hivyo mpaka siku ya ruracio, ya kupeleka mahari, ikapangwa. Walikuwa wameishi miaka tisa pamoja bila watu wa Dismas kwenda rasmi kwa Mzee Njau, na jambo hilo lilikuwa limemchoma Ngendo miaka yote tisa. Sasa zamu yake ilikuwa imefika. Alitaka kila kitu kiwe sawa. Binamu zake sita walishonewa kitenge kimoja, na kila mmoja akanunuliwa kamkoba kadogo ka kung'aa, kanakotosha simu na rangi ya mdomo tu.

Asubuhi ya siku yenyewe, Jumamosi, Dismas alivaa suti, kisha akaanza kufunga kimfuko chake.

"Ngai! Baba Nafuna, suti na hiyo kitu?"

"Nitaifunika na koti."

"Itafura hapo kama mimba. Na picha je? Baba yangu atasema nimeletewa konda. Leo tu, tafadhali. Leo tu iache."

"Na dawa?"

"Nipatie mimi. Kwani mimi si mama yake?"

Dismas akafungua zipu. Akaitoa inhela, akampa. Kimfuko akakitundika kwenye msumari nyuma ya mlango, filimbi, kachupa na vingine vyote vikiwa ndani. Ngendo akaitia inhela kwenye mfuko wake mkubwa mweusi, pamoja na viatu vya kubadilisha na sweta ya mtoto.

Nia yake ilikuwa nzuri. Hata mimi sisemi alikuwa mama mbaya. Lakini binamu yake Becky alipokuja na gari kuwachukua mapema, alimtazama toka juu mpaka chini akacheka. "Hiyo suitcase unapeleka wapi, msee? Unaolewa ama unahama?" Ngendo akaona haya. Akauweka ule mfuko mweusi nyuma ya gari la wageni lililoegeshwa pale kwenye ploti, ambalo lingefuata baadaye na Dismas na watu wake, akashika kale kamkoba kake ka kung'aa. Alijiambia, si ni saa chache tu, wote wanaenda mahali pamoja.

Kwa Mzee Njau kulikuwa kumechangamka. Sufuria tatu kubwa zilikuwa juu ya moto wa kuni karibu na dirisha la chumba cha kulala, uwanja ulikuwa umefagiwa na vumbi halijatulia, na Nafuna alikimbizana na watoto wa shangazi zake mpaka jasho likamtoka.

Saa saba wageni wakafika. Mnajua vile kwetu hufanywa. Geti hufungwa, wamama wa nyumbani wakasimama ndani na kuimba, wageni wakaimba nje, na hakuna kuingia mpaka wabembeleze na kutoa leso. Tata Magdalene, dada ya Mzee Njau, ndiye aliyekuwa mkuu wa geti. Alipiga kufuli kubwa, akautumbukiza ufunguo kifuani, akasema, "Anayeutaka auchukue!" Wamama wakaanguka kwa kicheko. Spika zikafunguliwa mpaka mwisho.

Ngendo alikuwa chumbani na binamu zake, kila mmoja na leso yake tayari ya kujifunika gubigubi, maana Dismas angeletwa amtambue bibi arusi kati yao. Simu yake alikuwa nayo Becky huko nje, akipiga video.

Nafuna akaingia. "Mami, kifua."

"Kinakusumbua sana?"

"Kidogo."

"Kaa hapo kwa dirisha upate hewa. Wakiingia tu baba atakuja. Usinichafue, tafadhali."

Hapo ndipo, ndugu zangu. Mtoto alisema, na mama akasikia. Kisha akageuka kwa kioo kurekebisha kilemba. Na hilo dirisha ndilo lililoingiza moshi wa zile sufuria.

Alipogeuka tena, Nafuna alikuwa ameinama, mikono juu ya magoti, mabega yakipanda na kushuka. Alitaka kusema kitu. Likatoka neno nusu, nusu nyingine ikakwama.

Ngendo akafungua kamkoba kake. Akaona rangi ya mdomo. Akakumbuka mfuko mweusi uko wapi.

"Katunge, simu yako! Nipigie Baba Nafuna!"

Katunge, rafiki yake waliyesimama naye siku hiyo, akaitoa haraka. "Namba?"

Ngendo akafungua mdomo. Miaka tisa alikuwa akibonyeza jina tu. Alikumbuka sifuri na saba, halafu hakuna.

Akambeba mtoto mgongoni, akatoka mbio. Uwanja ulikuwa umejaa wamama wakicheza, migongo yote kwake. "Nipisheni! Mtoto!" Vigelegele vikaimeza sauti yake. Mmoja akakiona kitenge chake akashangaa, "Haiya! Bibi arusi ametoroka!" na kicheko kikapanda upya.

Tata Magdalene akageuka. "Rudi ndani, wewe! Hata leso yangu sijapewa, na wewe umeshaanza kumkimbilia!"

"Tata, fungua! Fungua geti!"

"Mnasikia huko nje? Huyu ameshindwa kungoja!" Tata akapaaza sauti. Nje wageni wakashangilia. Na Ngendo akaisikia sauti ya Dismas mwenyewe ikicheka, karibu kabisa, nyuma ya hilo geti la bati. "Mwambieni avumilie kidogo, nakuja!"

Hebu fikirini. Mume yuko hatua mbili, dawa iko hatua kumi, na kati yao kuna mchezo. Kila alivyolia, ndivyo walivyodhani anaigiza vizuri. Na mgongoni pumzi ya mtoto ilikuwa imeanza kunyamaza. Mwenye kuijua pumu anajua kwamba kulia kwa kifua si kubaya kama kunyamaza kwake.

Ndipo mkono mdogo ukampiga begani. Polepole, bila nguvu. Moja, mbili, tatu.

Ngendo akainama, akaokota jiwe moja kati ya yale yaliyozunguka maua ya mama yake, akajisukuma mpaka kwenye geti na kuligonga lile bati kwa nguvu zote. Tatu. Akanyamaza. Tatu tena. Akanyamaza, ijapokuwa kunyamaza huko kulikuwa kama kufa. Tatu tena.

Nje, sauti moja ikatoka kwenye wimbo. "Nyamazeni! Nyamazeni nyote!" Kisha mikono miwili ikatokea juu ya geti, kati ya vyuma vyenye ncha. Koti la suti likapasuka. Dismas akaanguka ndani kwa goti moja.

"Iko wapi?"

"Mfuko mweusi. Nyuma ya gari."

Hakuuliza lingine. "Nekesa!" akamwita dada yake aliyekuwa nje. "Mfuko mweusi, kwa gari! Rusha juu!" Mtu akazima spika. Tata Magdalene alikuwa akiutafuta ufunguo kifuani, machozi yakimtoka. "Wũi, mwana wangu, sikujua. Sikujua!" Mfuko ukaruka juu ya geti kabla hajaupata ufunguo.

Midomo ya Nafuna ilikuwa na rangi ya jivu. Kachupa kalikuwa Kimbo, kwa msumari. Dismas akanyakua chupa ya maji mezani, akaimwaga, akaomba kisu, akatoboa kitako na kuisokomeza inhela hapo. Akampa mtoto mdomo wa chupa. "Vuta, mama. Taratibu. Tena." Wamama wote waliokuwa wakiimba walisimama kimya, na sauti pekee iliyosikika hapo ni ile ya dawa, na ya Dismas akihesabu pumzi.

Walimpeleka hospitali kwa gari lile la wageni, mablanketi ya zawadi yakiwa bado ndani. Pilau ilimwagwa siku ya pili.

Nafuna alilazwa siku nne, tatu kati ya hizo akiwa na oksijeni. Muuguzi aliyekuwa akijaza fomu aliuliza, "Kifua kilianza kubana saa ngapi?"

"Saa saba hivi," Ngendo akasema.

"Na dawa alipata saa ngapi?"

Swali hilo lilikuwa la Ngendo. Dismas hakumjibia, wala hakumkemea, si hapo wala baadaye. Angemkemea, Ngendo angeshukuru. Kilichomvunja kilikuja siku ya nne, oksijeni ilipotolewa. Nafuna alimtazama mama yake muda mrefu, akasema kwa sauti iliyokwaruza:

"Mami, si nilikuambia?"

Hakuna kipigo kinachofika mahali maneno hayo yalifika.

Walipofika Kimbo, kimfuko kilikuwa palepale nyuma ya mlango. Ngendo alikitoa kwenye msumari, akakimwaga mezani, akamwita mume wake. "Nifundishe," akasema. "Vile unajua dawa imebaki ngapi. Yote." Usiku huo na uliofuata alikariri namba za simu kama mtoto wa darasa la kwanza, mpaka akaweza kuzitaja hata akiwa anafua.

Ruracio ilifanywa tena baada ya miezi miwili. Geti lilifungwa kama desturi, lakini Tata Magdalene alisema kufuli lisionekane hapo. Alilifunga kwa leso moja tu, fundo la kuvuta. Kisha Dismas akaletwa mbele ya wasichana saba waliojifunika gubigubi. Hakuzunguka hata mara moja. Alikwenda moja kwa moja kwa wa nne, aliyefura kiunoni upande mmoja, akamfunua. Watu wakacheka mpaka wakashikana. Ngendo hakucheka. Mkono wake ulikuwa juu ya zipu ya kimfuko.

Nafuna ni mzima, tunamshukuru Mungu. Lakini hata leo kifua kikimbana, akiwa na wazazi wote wawili chumbani, humwendea baba yake kwanza. Ngendo huona. Hufungua kimfuko, akampa mume wake dawa ampe mtoto.

FUNZO

Ngendo hakuponzwa na uchoyo wala pombe. Aliponzwa na macho ya watu, ugonjwa ambao wengi wetu tunao na hatuujui. Tunabeba vya kutupendeza na kuacha nyumbani vya kutuokoa. Mwenye mgonjwa nyumbani asimtenganishe na dawa yake, hata kwa saa moja, hata siku ya sherehe. Na siku ya sherehe ndiyo hasa, kwa sababu ndipo kuna moshi, kelele na watu wengi wasiosikia. Beba filimbi na tochi, nawe uzikague, maana tochi iliyokufa ni mzigo tu. Andika namba za watu wako kwenye karatasi, na angalau mbili uziweke kichwani, kwa kuwa simu huibiwa, huzima, na hushikwa na wengine. Mfundishe mtoto ishara, na wewe mwenyewe usiicheke.

Nanyi wamama wa geti, endeleeni kuimba, ni raha yetu na ya mama zetu. Ila msipige kufuli. Na mtoto akisema "kidogo", usimwambie angoje. Acha kilemba kiende upande, umshike kifua usikilize.