Kioo cha Nusu Milimita

Walikutana soko kuu la Sumbawanga, wakigombea kalamu moja ya leza.

"Dada, mimi fundi wa maabara, naihitaji," alisema Andwele, shati limepigwa pasi.

"Na mimi mwalimu wa fizikia. Nyie watu wa Mbeya mnapenda ubishi!" Zita alicheka, amejifunika sweta jekundu kwa baridi.

Kumbe Jumatatu iliyofuata Zita alikuwa anaanza kujitolea kufundisha katika shule ya Andwele. Wakapendana, tena bila kificho.

Mwaka ukapita. Shule moja ya Dodoma ikatuma watu wawili wamtazame Zita akifundisha. Akifaulu, ameajiriwa.

"Niandalie kioo chenye mipasuo miwili ya kupitisha leza, iliyoachana robo milimita, mpenzi," Zita alimwomba Andwele.

"Usijali, mama."

Mbele ya wageni, Zita alipiga hesabu ubaoni: urefu wa wimbi la leza, mara mita mbili za kufika ukutani, gawanya kwa robo milimita.

"Mistari ya mwanga itaachana milimita tano nukta mbili. Pimeni."

Wanafunzi wakapima kwa rula. "Mwalimu, nafasi kumi zimetoka milimita ishirini na sita. Moja ni mbili nukta sita!"

Akarudia, jibu lile lile. Darasa likacheka. Wageni wakafunga madaftari, na Zita akatamani ardhi ipasuke.

Mchana Andwele alipiga simu. "Pole, mpenzi. Mungu ana makusudi yake. Baki hapa tuoane."

Zita alikuwa ameshaigeuza hesabu, kutoka kwenye mistari kurudi kwenye mipasuo. Ilitoka nusu milimita kamili. Kioo cha namna hiyo kilikuwa kimoja tu, kabatini, na ufunguo alikuwa nao Andwele.

"Ulibadilisha vibandiko vya vipimo kwenye vioo."

"Nakupenda, Zita. Ungeenda, ningebaki na nani?"

Mapenzi gani hayo, ya kumvunja mtu mguu ili asiondoke!

"Niliwaomba watu wa Dodoma nafasi mbili, Andwele," alisema taratibu. "Ya pili ilikuwa yako, fundi wa maabara. Walishakubali. Nilitaka nikushtukize leo."

Akamsikia mwanaume mzima akilia, akiita jina lake.

Ulikuwa uongo mtupu. Hakuwa ameomba nafasi ya pili kwa mtu yeyote. Aliitunga pale pale, apate cha kumuuma Andwele hadi uzeeni. Akakata simu, akaifuta namba yake, akaanza kufunga mizigo ya kurudi kijijini kwao Mpui kulima ulezi.