Lambo la Kumi na Mbili

Jumatatu, saa tatu asubuhi, Vumilia aliingia stesheneri ya Kalisti pale Mhunze kutoa kopi, akaganda mlangoni. Ukutani ilining'inia ramani yake ya malambo ya kunyweshea ng'ombe, wilaya nzima ya Kishapu, na chini imeandikwa: "Imechorwa na Donatus."

"Kalisti, umeniuza! Ramani hii niliichapisha hapa hapa kwako!"

"Mimi? Mayu, mama wee, mimi nachapa tu! Kaileta Donatus kwenye flashi, wiki mbili zilizopita. Hata risiti ninayo."

Jumatano, saa nane mchana, Vumilia na Donatus walikaa kituo cha polisi mbele ya Koplo Masalu. Vumilia alitaka kitu kimoja tu: jina lake lirudi kwenye ramani aliyoizungukia miezi minne kwa baiskeli.

Donatus alicheka. "Afande, lambo lina mwenyewe? Yeye kapima, na mimi nimepima. Ukweli ni mmoja, lazima zifanane. Nani ana hakimiliki ya kilima?"

"Hapo umesema," Masalu alijibu. "Mahali lambo lilipo si mali ya mtu. Kilicho cha mtu ni ule mchoro. Haya, hili la kumi na mbili ulilipima lini?"

"Jumanne moja mwezi wa nane, saa nne asubuhi. Maji yamejaa pomoni!"

"Jana nimeyazunguka yote na pikipiki. Hapo ni shamba la pamba. Hapajawahi kuchimbwa lambo."

Donatus akaacha kucheka. "Nilifeli chuo cha upimaji," alisema kwa sauti ndogo. "Nilitaka nyumbani waone jina langu mahali. Nikapata nakala ya ramani yake, nikaikopi yote kama ilivyo."

"Si nilisema!" Vumilia alidakia. Kisha akaona Masalu anamtazama yeye.

"Na wewe mayu, hilo lambo ulilitoa wapi?"

Vumilia akainama. "Siku ya mwisho jua lilikuwa kali, nimechoka. Mtu mmoja gulioni akaniambia lipo. Nikachora bila kwenda."

"Pale shambani nimemkuta mzee mmoja mfugaji, Baba Limi, anachuna ng'ombe wake wa pili. Wamekufa kwa kiu. Kawaswaga toka Samuye, ramani ya Donatus mkononi." Masalu akamsogezea karatasi ya maelezo. "Ukisaini, ramani ni yako. Na lambo hilo ni lako."

Vumilia alichukua kalamu, akasaini.

"Huyo mzee yuko wapi, afande?"

"Nje, kwenye benchi. Anamsubiri Donatus."

Vumilia akafunga khanga yake vizuri, akatoka, akapiga goti mbele ya benchi.

"Shikamoo, baba. Si Donatus. Ni mimi niliyechora."