Nani Anamuua Uliza Kila Soko?

Siku ya soko, saa tatu na nusu asubuhi, Uliza alikutwa amekufa katika ofisi ya ushirika wa wachuuzi wa mji wa Baraka, kando ya ziwa. Damu haikuwapo. Walikuwapo bamama wenye mabeseni matupu, kila mmoja ameshika simu isiyojibu.

Marehemu alikuwa huduma ya ujumbe. Ukimwandikia kuuliza ndagala, yaani dagaa, wameshukia wapi, au boti gani inakwenda Ubwari, alikujibu papo hapo. Watu wa Swima na Mboko walimwamini kuliko wajomba zao. Kichwa chake kilikuwa mbali, kwenye kompyuta za kukodi ambazo watu huziita wingu.

Mama Adolphine, mwenyekiti wa ushirika, alisema hii sasa ni desturi: asubuhi Uliza anaongea vizuri, halafu katikati ya soko anakata roho. Wilfried, fundi aliyemtengeneza, alipigiwa simu akiwa Fizi. Alijibu kwamba neno la siri la kuingilia mitambo ya Uliza wanalijua watu wawili tu, yeye na Idi, mlinzi wa mitambo. Na yeye, kama walivyosikia, alikuwa Fizi.

Macho yote yakamgeukia Idi.

"Mi sijagusa kitu," Idi alisema.

Hukumu ikawekwa siku ya soko lijalo. Mhalifu mwingine asipopatikana, Idi angefukuzwa kazi na jina lake kutangazwa bandarini, mahali ambapo jina likichafuka, ziwa zima halitoshi kuliosha.

Kesi ikachukuliwa na mdogo wake, Saumu, bila kuombwa na mtu. Saumu alikuwa nyumbani kwa sababu rasmi. Shule yake ya bweni ilikuwa imempa muda wa kutafakari, baada ya jogoo kupatikana ndani ya kabati la prefe, mkuu wa shule. Alikuwa ametafakari siku ya kwanza, akamaliza.

Mshukiwa wake wa kwanza alikuwa Bonaventure, mwenye boti, ambaye alikuwa na uso mzuri sana wa muuaji.

"Papa Bonaventure, Uliza akikufa, nani anafurahi?"

"Mi," akajibu bila haya. "Bamama banarudi kuniuliza mi, na mi ninawapakia. Lakini kufurahi si kuua, mutoto."

"Mbona leo boti yako iliondoka ya mwisho?"

"Ilifika ya mwisho. Hapa iko zamu. Aliyetangulia kufika anatangulia kutoka. Hata nilie machozi, siruki zamu."

Kisha akamwonyesha simu yake, kitu cha vitufe kilichofungwa kwa mpira, ambacho hakingeweza kumdhuru hata nzi. Saumu akamwachilia kwa majonzi.

Idi alimpa jambo la pili. Kila Uliza alipoanza kuzimia, wingu liliita kompyuta nyingine zije kusaidia, na kadiri zilivyokuja ndivyo hali ilivyozidi kuwa mbaya. Marehemu alikufa amezungukwa na wasaidizi. Saumu aliona hilo ni jambo la ajabu, na la kuudhi.

Wilfried aliporudi kutoka Fizi, alimkuta mpelelezi kizingitini kwake. Alimweleza kwa upole wa mtu aliyesoma. Maswali ya soko yanafanana, kwa hiyo kompyuta ikishajibu swali mara moja, huliweka jibu kichwani, isirudi tena kulitafuta kwenye ghala kuu. Kichwa hicho mafundi hukiita kashe. Watu wakijaa, wingu huita kompyuta zaidi. Wakipungua, huzirudisha, ushirika usilipie zinazokaa bure.

"Ikirudishwa, inaenda na kichwa chake?"

Wilfried alikunywa chai kwanza. "Kichwa kinafutika."

"Na nani anachagua ya kurudi?"

"Sheria. Niliiandika kwa haki, vile tulivyolelewa hapa."

Akakumbuka ghafla kwamba ana safari.

Soko lililofuata, Saumu alimwomba Mama Adolphine amkalishe Idi kando yake, mikono juu ya meza, na Wilfried naye aitwe. Kila soko, boti za kwanza zikishaondoka, maswali hupungua kidogo kabla ya wanavijiji kufika. Safari hii hayakupungua. Rafiki za Saumu, Vanessa na Eddy, pamoja na vijana wa mtaa mzima, walikaa nyuma ya ofisi wakimwuliza Uliza kama mbuzi wa Papa Bonaventure analipa nauli. Uliza alijibu kwa heshima kuu kwamba habari hizo hana. Wanavijiji wakafika, wakauliza, wakajibiwa. Saa tatu na nusu ikapita na mgonjwa yu hai.

Ndipo Saumu alipowanyamazisha vijana. Alisubiri kidogo, kisha akawaomba bamama wote waulize kwa pamoja. Uliza akakwama, akazimia, akafa. Mikono ya Idi bado ilikuwa mezani.

"Muuaji ni zamu ya bandari," Saumu alisema. "Maswali yakipungua, sheria inarudisha kompyuta iliyotangulia kufika. Hiyo ndiyo yenye majibu yote kichwani. Banabaki bageni bila kitu. Batu bakirudi, bageni bote banakimbilia mulango mumoja wa ghala. Wingu linaita bageni bengine, nao banakwama palepale."

Wilfried alitazama sakafu. Baba yake, alisema, alikuwa mpakizi. Kila siku alifika wa kwanza, na wenye nguvu wakamruka. Aliapa kwamba kitu chake yeye kitafuata zamu.

"Hilo ni kosa tu," Saumu alisema. "Ulilijua lini?"

Bamama walisogea karibu wasikie.

"Soko lililopita, nikiwa Fizi. Niliona kwenye simu yangu."

"Na ukamutaja Yaya Idi, kaka yangu."

"Niliogopa. Mungesema fundi wa hapa nyumbani hawezi, mulete wa Bukavu."

Mtu mmoja nyuma alisema afukuzwe leo hii, na wengi wakaitikia. Wilfried mwenyewe alikuwa amekwisha kuuchukua mkoba wake.

"Weka chini," Mama Adolphine alisema. "We ulitangulia kuingia hapa, ni kweli. Lakini hautatangulia kutoka. Mukae na Idi, mpaka yote yaliyo ndani ya kichwa chako yaingie ndani ya chake."

Idi aliondoa mikono mezani, akamvutia Wilfried kiti.